Kwa Nini Mjomba Wangu Mchungaji Anaitwa Alamin

Mjomba wangu ni mchungaji wa kanisa kule Olenguruone, na jina lake ni Alamin.

Si utani. Ibadani anatangazwa hivyo hivyo: "Tumkaribishe mtumishi wa Mungu, Mchungaji Alamin!" Wageni wanageuka kuangaliana. Kuna mmoja aliwahi kumshika mkono mlangoni akamuuliza aliokoka mwaka gani kutoka msikitini.

Mjomba hucheka tu. "Kamuulize mama," anasema.

Sasa, mama yake, yaani kogo wangu, bibi yangu Chepkemboi, alikuwa mtu wa maneno. Angeweza kukusimulia habari za ng'ombe aliyekufa kabla mama yako hajazaliwa, mpaka rangi ya kwato zake. Lakini ukimuuliza kuhusu jina hilo, anainuka na kwenda kuchochea moto ambao hauna shida yoyote.

Mimi alinisimulia mara moja tu, mchana, tukichambua maharagwe. Nilikuwa nimemwambia kwamba nimepata nafasi ya kusomea uandishi wa habari.

Mkono wake ulisimama juu ya ungo.

"Uandishi wa habari," akasema. "Na nani atasimama na wewe?"

Sikuelewa swali. Basi akanieleza, na mimi nawaeleza nyinyi jinsi alivyoyapitia yeye.

Turudi nyuma. Miaka ya hamsini, wakati wa Imajensi, ile hali ya hatari iliyotangazwa na wakoloni, bonde la Subukia.

Chepkemboi alikuwa mke kijana wa Hezekiah, mkamuaji wa ng'ombe kwenye shamba la mzungu ambaye watu walimwita Bwana Miwani. Hezekiah zamani alichimba udongo mweupe Kariandusi, akachoshwa na vumbi, akasikia kuna mashamba yanatafuta watu.

Yalikuwa yanatafuta, ndiyo. Waliokuwepo mwanzo walikuwa Wakikuyu, na serikali iliwashuku uasi, ikawapakia kwenye malori ikawapeleka mbali. Chepkemboi alipoingia kwenye nyumba aliyopewa, alikuta sufuria ya mwanamke mwingine bado iko mafigani, ugali umekaukia ndani.

Aliiosha, akaitumia. Aliniambia sufuria hiyo haikuwahi kumkaa vizuri mkononi.

Walikaa kwenye laini, zile nyumba za wafanyakazi zilizopangwa mstari mmoja, mlango kwa mlango. Walikuwa na msichana na mvulana. Mvulana aliitwa Kiptanui, bado wa kubebwa mgongoni. Msichana nitamtaja mbele ya safari. Nina sababu, na mtaiona.

Shida ilianza na maji.

Bwana Miwani alijenga zizi jipya na dipu ya kuogeshea ng'ombe. Ule mfereji wa maji safi uliokuwa ukipita kwenye laini akaugeuza uende nyumbani kwake. Watu wa laini wakabaki na kijito kinachopita chini ya zizi, na mnajua wenyewe kitu gani hutoka zizini.

Wanawake wakamwendea nyapara, Kipsang.

"Maji yananuka, nyapara."

"Chemsheni."

"Na kuni? Si umetukataza msitu?"

"Msitu nimekataza mimi? Msitu ni ya serikali! Iko Imajensi, mama. Enda nyumbani."

Huyo ndiye Kipsang. Hakuwa mtu mbaya hasa. Alikuwa mtu anayeipenda kazi yake.

Watoto wakaanza kuhara. Mwanzo mmoja mmoja, halafu kila nyumba ina nguo za mtoto zimeanikwa tangu asubuhi. Halafu wakaanza kufa.

Mnataka kujua wangapi. Hata mimi nilimuuliza kogo, na aliniangalia kana kwamba nimetukana.

Kwetu watoto hawahesabiwi. Ukihesabu watoto unawaita macho ya vitu visivyoonekana. Mtu akikuuliza una watoto wangapi, unajibu, "Watoto wapo." Inatosha, na anayejua adabu haongezi swali.

Na mtoto akifa, jina lake linafungwa. Halitajwi tena, hasa kama nduguye ni mgonjwa, maana kumtaja ni kumwita, naye akija hatarudi peke yake. Jina hufunguliwa siku moja tu: mtoto mwingine akizaliwa kwenye ukoo. Hapo wanawake wazee wanakaa na kuita majina ya waliokufa, moja baada ya lingine, mpaka mtoto apige chafya. Jina lililomfanya apige chafya, huyo ndiye amerudi. Wengine husaidia na ugoro kidogo puani, tusidanganyane, lakini ndivyo ilivyo.

Wanaoitwa ni waliokufa tu. Shikeni hapo.

Basi msichana wa Chepkemboi naye akaondoka. Alihara tangu Jumapili, na kabla ya Jumapili nyingine hakuwepo. Jana yake watu walikuwa wakimwita Chepkemboi "mama" kwa jina la yule binti. Kesho yake wakaanza kumwita Mama Kiptanui, kwa adabu, bila mtu kuambiwa. Aliniambia hilo ndilo lililomvunja. Alivumilia kaburi, akashindwa na salamu.

Kulikuwa na mwanamke wa mjini aliyekuja shambani kila mwisho wa mwezi kuuza leso, sindano na sukari. Safiyo binti Darweshi, Mwislamu wa Bondeni, Nakuru. Alikuwa mchangamfu, mwenye kucheka kwa sauti, na Kiswahili chake kilinyooka mpaka kikawaaibisha wengine. Chepkemboi ndiye pekee kati ya wanawake wa laini aliyeelewana naye vizuri, kwa sababu aliwahi kuwa yaya mjini.

Mwezi huo Safiyo alitandaza leso zake na hakuna aliyekuja.

"Kulikoni leo? Mmenichoka?"

Chepkemboi akamwonyesha kijito kwa kidevu. Halafu akamwonyesha milango.

Safiyo akakunja leso zake polepole. "Dada," akasema, "kaka yangu anaandika gazeti."

Gazeti lenyewe lilikuwa karatasi moja iliyokunjwa katikati, lililochapwa mjini kwa Kiswahili, na wino wake ulibaki vidoleni. Lakini lilisomwa. Lilisomwa kwa vinyozi, hotelini, stesheni, mtu mmoja akisoma na wengine wakisikiliza. Na Alamin Darweshi ndiye aliyekuwa akiandika habari za magonjwa, njaa na watu waliofukuzwa, habari ambazo wengine waliona ni bora wasizione.

Alikuja na Safiyo safari iliyofuata, amebeba mzigo wa leso kichwani kama kibarua wake. Kijana mwembamba, kofia ya vito, ile ya kudarizi, kazi ya mama yake, na kikohozi cha mtu asiyelala vya kutosha.

Na hapa nataka mjue kitu. Wanawake wa laini walimpokea yule mgeni vizuri kuliko walivyowahi kumpokea mchungaji wa misheni. Mmoja alileta maziwa. Mwingine aliketi njiani kuchungulia kama Kipsang anakuja. Chepkemboi akawa mkalimani. Walikuwa hawana kitu, na kila walichokuwa nacho walikiweka mbele ya mtu wa gazeti, kwa sababu waliamini akiandika, daktari atakuja na mfereji utarudi.

Kiptanui alikuwa ameanza kuhara juzi yake.

Alamin akauliza swali lake la kwanza, kwa upole kabisa. "Mama zangu, wamekufa watoto wangapi?"

Mmoja akamvuta mwanawe karibu.

"Basi mnitajie majina yao tu."

Wanawake wakainama. Bibi mzee Tapsubei, aliyekuwa mkubwa wao wote pale, akasimama na kuanza kuondoka.

"Nimekosea wapi?" Alamin akamuuliza Chepkemboi.

"Hawawezi sema, ndugu yangu."

"Wanaogopa nyapara?"

"Hapana. Ni sisi. Sisi hapana hesabu watoto."

Alamin akajifuta uso. "Dada, nikiandika 'watoto wengi', watasema nimezidisha. Wakubwa hawasogei kwa 'wengi'. Nipe namna yoyote."

Chepkemboi akafikiri. Katika nyumba zote, kila mtoto alikuwa na kibuyu chake kidogo cha maziwa, ambacho mama yake alikisafisha na kukitia mkaa wa mti. Mtoto akifa kibuyu chake hubaki, na hakuna anayejua akiweke wapi.

Akawaambia kwa lugha yao, "Hakuna atakayesema. Kila mwenye kibuyu kisicho na mtu, akigeuze mdomo chini nje ya mlango. Tutaendelea na kazi zetu. Mgeni ana macho."

Tapsubei alisimama akiwaza. Hakukataa. Yeye ndiye aliyeweka cha kwanza, cha mjukuu wake.

Alamin akatembea kutoka mwanzo wa laini mpaka mwisho, wanawake wakichambua mboga, wakisuka nywele, hakuna anayemtazama. Alipofika mlango wa Chepkemboi alikuta kibuyu chenye shanga nyekundu shingoni, akakaa chini pale pale, akalia kama amefiwa yeye.

Chepkemboi akamletea chai ya rangi, maana maziwa yalikuwa yameisha.

"Nitaandika," Alamin akamwambia. "Lakini watanikana, dada. Wakija, usiniache peke yangu."

"Sitakuacha," akasema Chepkemboi.

Kogo alirudia maneno hayo mara mbili pale kwenye ungo wa maharagwe. "Nilimwambia sitakuacha."

Gazeti likatoka. Idadi iliandikwa juu kabisa, kwa herufi kubwa. Kule mjini watu walilisoma mpaka karatasi ikachanika. Na wakubwa wakalisoma pia.

Walikuja asubuhi, magari mawili. Ofisa kijana wa kizungu, askari, daktari mwenye mkoba, na mkalimani aliyeitwa Peterson, kijana wa misheni, mtu wa kabila letu kabisa. Bwana Miwani alikuja na farasi wake.

Na nyuma ya gari la pili wakamshusha Alamin, pingu mkononi, bila kofia.

Chepkemboi alisema alimwona mdogo ghafla, bila ile kofia.

Watu wote wakapangwa mbele ya nyumba zao. Ofisa alikuwa na gazeti mkononi. Akazungumza, Peterson akatafsiri. Gazeti hili linasema watoto wamekufa hapa kwa maji. Kama ni kweli, daktari yuko hapa na ataanza kazi leo. Kama ni uongo, huyu mtu anatisha watu wakati wa hatari, na atafungwa. Kila mama atasema mbele ya watu: ana watoto wangapi, na kama kuna aliyekufa, amtaje jina.

Mnaona walivyotegwa? Na hata aliyetega hakujua ametega.

Peterson alijua. Hilo mniruhusu niseme kwa hasira. Mama yake mwenyewe asingejibu swali kama hilo. Lakini alikuwa na viatu vipya na kazi mpya, akatafsiri neno kwa neno, akaishia hapo.

Mwanamke wa kwanza akajibu kama alivyofundishwa na mama yake. "Watoto wapo."

Peterson akageuza kwa Kiingereza. Ofisa akaandika.

Wa pili: "Watoto wapo."

Tapsubei, ambaye mjukuu wake alikuwa chini ya udongo mbichi: "Wapo."

"Vibuyu!" Alamin akapaza sauti. "Bwana, waulize vibuyu vilivyokuwa mlangoni! Niliviona kwa macho yangu!"

Vibuyu vilikuwa vimeingizwa ndani. Nani anaweka kitu kama hicho mbele ya askari? Ofisa akauliza kuhusu makaburi, lakini siku zile kwetu kaburi la mtoto mdogo halikuwekwa alama, na nyasi za Subukia haziombi ruhusa kuota. Bwana Miwani akacheka kidogo juu ya farasi. "Vibuyu," akasema.

Wakafika kwa Chepkemboi.

Yeye alikuwa na Kiswahili. Hakuhitaji Peterson. Angeweza kusema sentensi moja tu: Bwana, sisi hatutaji wafu wetu, lakini wamekufa. Maneno hayo alikuwa nayo mdomoni. Aliniambia aliyapanga usiku kucha, akayajaribu kwa sauti ndogo kando ya moto.

Lakini Kiptanui alikuwa mgongoni, amefungwa na leso ya Safiyo, na mwili wake unachoma. Na Tapsubei alimtazama, akatikisa kichwa kidogo sana. Alikuwa akimwombea, si kumtisha. Macho yake yalisema: ukimtaja dada yake sasa, atakuja kumchukua huyu.

Alamin naye alimtazama. Alingoja tu, akiwa na uhakika.

"Mama, watoto wangapi?" ofisa akamuuliza kwa Kiswahili chake cha shambani. "Iko mtoto nakufa?"

Chepkemboi akafungua mdomo.

"Watoto wapo," akasema.

"Hii ya mgongo iko gonjwa?"

"Hapana, bwana. Nalala tu."

Kwa nini alisema hivyo la pili? Hata yeye hakujua. Aliniambia akishasema la kwanza, la pili lilitoka lenyewe.

Alamin hakumtukana. Aliinamisha kichwa, basi. Wakampandisha garini. Daktari, ambaye hakuwahi kufungua mkoba wake, akaingia mbele na kufunga mlango.

Vumbi la magari lilikuwa bado halijatua Kiptanui alipoanza kutapika.

Chepkemboi akakimbia. Jamani, alikimbia. Alikatiza shamba la mahindi kuyawahi magari kwenye kona ya daraja, mtoto mgongoni, akipiga kelele, "Daktari! Bwana daktari! Nimedanganya!" Aliifikia barabara na kukuta alama za magurudumu tu.

Kiptanui alifia pale pale kando ya barabara, kabla ya jua kuzama, akiwa amemshika mama yake kidole.

Alinyamaza ili asimpoteze. Na kwa kunyamaza, alimrudisha daktari mjini na mkoba wake.

Wanawake walipomwona anarudi, hawakujua wamwite nani. Walikuwa wamemwita mama wa binti, wakaacha. Walikuwa wamemwita Mama Kiptanui. Sasa hapakuwa na jina la kumwitia. Wakasema tu, "Umekuja."

Hezekiah alimzika mwanawe, akasaga meno, akaenda kukamua. Ng'ombe za watu hazingoji.

Chepkemboi hakungoja pia. Alitoa tena nje kile kibuyu chenye shanga, akaweka kingine kando yake mlangoni, vyote mdomo chini, akashika njia ya kupanda mlima kwenda Nakuru. Hakuaga mtu. Alifika Bondeni kwa Safiyo miguu imepasuka.

Alidhani atafukuzwa. Safiyo alimtazama, akaona mgongo wake mtupu, na leso imekunjwa mkononi.

"Ingia," akasema. "Ingia, dada yangu."

Kesho yake wakaenda pamoja kwenye ofisi za serikali. Kwenye baraza palikuwa na karani nyuma ya meza, na foleni ya watu wanaotafuta vibali.

"Nimekuja sema habari ya yule mtu ya gazeti," Chepkemboi akasema. "Alisema kweli. Mimi ndiye nilidanganya."

"Kesi imekwisha," karani akasema bila kuinua uso. "Ameshapelekwa kambini, kizuizini. Nyinyi wenyewe mlisema watoto wapo."

Hapo ndipo Chepkemboi alipofanya kitu ambacho mama yake, na mama wa mama yake, hawakuwahi kukifanya. Alisimama katikati ya baraza, mbele ya watu asiowajua, akaita majina ya wafu wake kwa sauti.

"Jepkosgei! Kiptanui! Wamekufa! Jepkosgei amekufa! Kiptanui amekufa! Andika!"

Mnaona sasa kwa nini nilimficha binti. Nilitaka mlisikie jina lake pale ambapo mama yake alilisema.

"Punguza sauti, mama," karani akasema. "Hapa ni ofisini."

Hakuandika. Lakini waliosikia walisikia. Mjini habari hazihitaji karatasi, zilisambaa stesheni na sokoni kwamba kuna mwanamke amelia barazani. Kabla ya mvua ndefu Bwana Miwani aliurudisha mfereji kwenye laini, kimya kimya, akasema ni kwa ajili ya mboga. Watoto wakaacha kufa.

Chepkemboi alirudi shambani kwa Hezekiah, lakini Alamin hakuachwa huru. Kila mwisho wa mwezi Safiyo alipokuja na leso, Chepkemboi alimuuliza kitu kimoja tu. "Kuna habari?"

"Bado. Lakini yu hai, inshallah."

Wakawa wanamwekea vitu. Safiyo anaweka sabuni, Chepkemboi anaweka mahindi ya kukaanga kwenye kitambaa. Safiyo alivipeleka kwa askari mmoja aliyedai anamfahamu mtu wa kule kambini. Hawakujua kama vilifika.

Halafu Chepkemboi akapata mimba, akazaa mtoto wa kiume.

Wanawake wazee wakaja kumpa jina. Hezekiah, Mkristo safi, akakumbuka ghafla kwamba kuna ng'ombe anachechemea, akaenda kumwangalia. Tapsubei akampakata mtoto mapajani. Kazi ikaanza.

Wakaita mababu wa upande wa baba, wanaume tu, maana mtoto ni mvulana. Mtoto anaangalia paa.

Wakaita wa upande wa mama. Mtoto anapiga miayo.

Wakamwita Kiptanui, kwa sauti ya chini, na Chepkemboi akashika ukuta. Alitamani sana. Alimwomba yule mtoto kimoyomoyo apige chafya, arudi. Mtoto akanyonya kidole.

Wakaongeza ugoro. Wapi.

Majina yakaisha. Jambo hilo halikuwahi kutokea pale, na wanawake wakaanza kuogopa.

"Chepkemboi," Tapsubei akasema, "kuna mtu umemficha? Kuna mtu wako aliyekufa hatujamwita?"

"Hakuna."

"Fikiri. Kuna mtu anagonga mlango wako."

Chepkemboi alisema hakufikiri. Lilimtoka tu, jina alilokuwa akilibeba kifuani tangu siku ya magari. Hakuliita kama jina la maiti. Aliliita kama mtu anayeomba msamaha.

"Alamin."

Mtoto akapiga chafya.

Mara moja, kubwa, mwili mzima ukatikisika.

Hakuna aliyepiga vigelegele. Mmoja akasema, "Huyo si mtu wetu." Mwingine akasema, "Huyo hajafa." Tapsubei aliwatazama wote wawili, akamgeukia Chepkemboi, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

Chepkemboi akamwacha mtoto mapajani mwa Tapsubei. Akashika njia ya mlima, damu ya uzazi haijakauka vizuri, wanawake wakimfuata nyuma wakimwomba arudi. Hakurudi.

Alipofika Bondeni alikuta viatu vingi vimevuliwa mlangoni kwa Safiyo. Ndani watu walikuwa wanasoma hitima.

Safiyo alitoka, leso nyeusi kichwani. "Nani amekuambia?" akauliza. "Habari imetufikia jana."

Alikuwa amekufa kambini. Tumbo. Maji ya kule yalikuwa mabaya, na waliohara walikuwa wengi, na mtu wa kuandika habari kama hizo alikuwa ndiye yeye.

Wakubwa walimrudishia dada yake ile kofia ya vito, imekunjwa.

Chepkemboi alikaa chini pale kwenye viatu. Alilia mpaka wazee wa msikiti wakamtengea mkeka, wakidhani ni wa ukoo. Safiyo akawaambia, ndiyo, ni wa ukoo.

Mtoto akabatizwa Micah, ili Hezekiah apate amani. Hakuna aliyewahi kumwita hivyo. Ni Alamin, na Safiyo alimlea kama mpwa wake mpaka Safiyo mwenyewe alipoingia kaburini. Kila Idi alimletea kanzu ndogo, naye akaivaa kwenda nayo Sunday school.

Ndiyo hiyo. Maharagwe yalikuwa yameisha kuchambuliwa kitambo. Kogo aliangalia ungo, akasema:

"Watu wanapenda kusoma habari. Lakini mwandishi akishaandika, wanakunja gazeti wanaenda kulala. Yeye anabaki amesimama pale mbele, anangoja mtu mmoja tu aseme ni kweli. Mmoja. Mimi nilikuwa huyo mmoja."

Nikamwambia alikuwa anamwokoa mtoto wake. Akaniambia, "Najua. Na bado."

Funzo langu ni dogo, na limenigharimu watu ambao sikuwahi kuwaona. Ukimwambia mwandishi jambo lako, usimpe habari tu. Mpe na mgongo wako. Chakula, chai, maficho, vyote ni vizuri, na wanawake wa laini walivitoa vyote. Lakini siku atakayoulizwa nani shahidi wako, hiyo ndiyo siku anayokuhitaji.

Nilisoma, nikamaliza, nikapata kazi redioni Nakuru. Naripoti habari za hospitali, ukame, watu waliofukuzwa kwenye ardhi. Jina langu ni Jepkosgei. Nalo nililipata kwa chafya.

Kogo alizeeka sana. Macho yaliondoka, lakini redio yake ndogo hakuiacha. Mjomba Alamin ananiambia kwamba kila nilipomaliza ripoti na kutaja jina langu, hata kama ni habari ya bei ya maziwa, kogo alikuwa anainua kichwa na kuijibu redio kwa sauti, peke yake pale jikoni, kwa Kiswahili ili wakubwa wasikie:

"Ni kweli. Mimi niliona."